Kumeza, kupaliwa, kukabwa: maneno ya Kiingereza ya kooni na hatari ya kuyachanganya

Chukulia mama mmoja anayezungumza Kiswahili, aliyehamia Marekani miezi michache iliyopita. Mwanawe wa miaka miwili anacheza na gololi sebuleni. Ghafla mtoto anashika shingo, mdomo uko wazi, sauti haitoki. Mama anapiga 911. Kiingereza chake ni cha dukani na cha kusalimiana na majirani, na neno analolihitaji sasa hajawahi kulitumia. Anatamka lile lililo karibu: "swallow". Mtoto wangu, "swallow", gololi.

Upande wa pili wa simu, mpokeaji anaelewa kwamba mtoto amemeza gololi. Hilo nalo si la kupuuzwa, lakini mtoto ambaye gololi imeshuka tumboni anapumua, analia, na mara nyingi kuna muda wa kumfikisha kwa daktari. Mtoto ambaye gololi imeziba njia yake ya hewa hana muda huo. Ubongo ukikosa hewa huanza kuumia ndani ya dakika chache tu. Neno alilolihitaji mama huyu ni "choking".

Katika makala hii tunayaangalia maneno ya Kiingereza yanayohusu kumeza, kuzibwa pumzi na kuzuia, na tunayalinganisha na yale tunayoyatumia sisi kila siku. Maneno haya hukutana nasi kwenye chupa ya dawa, kwenye boksi la mwanasesere, kituo cha polisi, barua ya shule na taarifa ya habari. Shida yake ni moja: Kiingereza na Kiswahili havikuyagawa mambo ya kooni kwa namna ileile. Pale ambapo wao wana neno moja, sisi tuna matatu. Na pale ambapo sisi tuna moja, wao wana mawili.

Mlango mmoja, njia mbili

Tuanze na koo lenyewe. Chakula na hewa hupita mlango mmoja, kisha huachana. Hewa huingia kwenye koromeo na kushuka mapafuni. Chakula huingia kwenye umio na kushuka tumboni. Tunapomeza, koromeo hupanda juu, kifuniko kidogo kilicho juu yake hulala, na kwa muda mfupi sana tunaacha kupumua ili tonge lipite. Ukiweka kidole kooni ukameza mate utalisikia koromeo likipanda na kushuka.

Mambo yakienda sawa, tumemeza. Tone la maji au punje ya wali ikiteleza kuelekea njia ya hewa, tunakohoa kwa nguvu, macho yanatoka machozi, na Waswahili husema tumepaliwa. Kipande cha nyama kikinasa, tunasema kimetukwama, kimetusakama au, kama wasemavyo wengi, kimetukaba. Na mtu mwingine akitushika shingo, tumekabwa au tumenyongwa. Hayo ni matukio tofauti, na lugha yetu imeyapa vitenzi tofauti. Tukiyabeba yote hayo kwenda nayo kwenye Kiingereza, tutakuta mengi yameingizwa kapu moja.

"Swallow" na ndugu zake

Neno la kawaida la kumeza ni "swallow". Kwanza tahadhari ndogo: kuna "swallow" mwingine ambaye ni ndege, mbayuwayu. Maneno hayo mawili yanafanana kwa matamshi na maandishi tu. Asili zake katika Kiingereza cha kale ni mbalimbali.

Kando ya "swallow" yapo maneno yanayoonyesha namna ya kumeza. "Sip" ni kunywa kidogo kidogo, kama anayeonja kahawa ya moto. "Gulp" ni kugugumia, kumeza kwa mafunda makubwa hadi sauti isikike. "Swig" ni kupiga funda moja zito, aghalabu kutoka kwenye chupa. "Gobble" ni kufakamia. "Bolt", kwa upande wa chakula, ni kuakia, yaani kumeza bila kutafuna sawasawa. "Wolf down" ni kula kwa pupa kama mbwa mwitu. Mtu anayejua kufakamia na kuakia hana haja ya kuogopa maneno haya, kwa kuwa tofauti hizo anazo tayari kichwani.

Pa kuwa makini ni kwenye dawa. Baadhi ya vidonge huandikwa "swallow whole", maana yake kimeze kizima: usikitafune, usikiponde, usikivunje. Vingi kati ya hivyo vimetengenezwa ili vitoe dawa polepole kwa saa nyingi. Ukikiponda, dawa ya siku nzima inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo. Vingine vimefunikwa ili visiyeyuke hadi vipite tumbo. Kinyume chake kipo pia: "chewable" ni cha kutafuna, na kinachotakiwa kuwekwa chini ya ulimi kiyeyuke hakipaswi kumezwa. Kwetu sisi neno "meza dawa" linabeba yote hayo. Mtu huambiwa ameze vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, na hakuna anayeuliza vinamezwaje. Hapo ndipo panapohitaji kuuliza. Na kama mgonjwa hawezi kumeza kizima, amwambie daktari au mfamasia ambadilishie dawa, badala ya kuiponda nyumbani.

Nje ya chakula, "swallow" huingia pia kwenye mazungumzo ya hisia. Kwa Kiingereza, habari chungu ni "hard to swallow", ngumu kumeza. Anayeamini kila anachoambiwa "ameimeza hadithi". Aliyeacha jeuri akaomba radhi "amemeza" majivuno yake. Sisi tungesema amejishusha. Usifikiri kila "kumeza" chetu kinaweza kurudi huko. Mtu anayemezea mate gari la jirani, kwa Kiingereza hamezi chochote, anatamani tu. Kijana anayemwambia mwenzake "mezea" anamaanisha achana nalo, lipite. Na yule anayeambiwa "kama umekasirika meza wembe", ukimtafsiria neno kwa neno mbele ya Mwingereza, unaweza kuitiwa gari la wagonjwa.

"Choke": neno moja, matukio mengi

Sasa tufike kwenye neno lenyewe lenye mzigo. "Choke" kwa Kiingereza cha kila siku lina maana mbili za mwilini zilizo mbali kabisa. Ya kwanza: kitu kimenasa ndani na kuzuia hewa. Ya pili: mtu amekushika shingo kutoka nje. Sentensi ya kwanza haina mkosaji. Ya pili ni kosa la jinai. Kinachozitenganisha ni muundo tu: "he choked" ni yeye aliyezibwa na kitu, "he choked her" ni yeye aliyemkaba mwanamke. Ukidondosha neno moja dogo mwishoni, mtuhumiwa anageuka mgonjwa.

Kando ya "choke" kuna maneno manne ambayo Kiingereza cha kidaktari na cha kisheria huyatumia kwa uangalifu zaidi. "Strangle" ni kubana shingo kwa mikono, kamba au mkono uliokunjwa; neno hili lilipitia Kifaransa na Kilatini, na mizizi yake ni Kigiriki, kwenye neno la kamba au hatamu. "Throttle" lina maana hiyohiyo na lilizaliwa kutokana na "throat", yaani koo. "Smother" ni kuziba pua na mdomo, kwa mfano kwa mto. "Suffocate" ni pana zaidi, ni kukosa hewa kwa sababu yoyote ile: moshi, mfuko wa plastiki, chumba kisicho na hewa.

Tofauti hii iko mbele ya macho yetu kwenye bidhaa tunazonunua. Boksi la wanasesere lenye maneno "choking hazard, small parts" linaonya kwamba ndani kuna vipande vidogo ambavyo mtoto anaweza kuviweka mdomoni vikamziba. Nchini Marekani onyo hilo kwa watoto wa chini ya miaka 3 limewekwa na sheria ya mwaka 1994. Mfuko wa plastiki uliofunika bidhaa hiyohiyo huwa na onyo jingine, lenye neno "suffocation", kwa kuwa hatari yake ni kumfunika mtoto uso. Wanasesere hao huuzwa Kariakoo na Gikomba kama wanavyouzwa kwingineko. Onyo limo kwenye boksi, ila mara nyingi boksi hutupwa kabla mtu hajalisoma.

Ukiyaona maneno haya, jiulize mambo mawili. Kizuizi kiko ndani ya koo au nje? Na kama kiko nje, kimebana shingo au kimefunika uso? Ndani ni "choke". Nje kwenye shingo ni "strangle". Nje usoni ni "smother". Na kama hujui, "can't breathe", hawezi kupumua, ni maneno ambayo hayatakosea.

Kituo cha polisi na mahakamani

Mwanamke aliyeshambuliwa na mumewe anapofika polisi nchini Uingereza au Marekani, mara nyingi husema "he choked me". Hata wazawa wa lugha hiyo husema hivyo. Sheria, hata hivyo, hutumia "strangulation". Katika England na Wales, tangu tarehe 7 Juni 2022 kumkaba mtu koo au kumziba pumzi, hata kama hakufa na hata kama hana alama, ni kosa linalojitegemea, na adhabu yake inafika miaka 5 jela. Kosa hilo liliingizwa kwa Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2021. Majimbo mengi ya Marekani nayo yana sheria ya namna hiyo. Kabla ya hapo, mashambulizi mengi ya aina hii yalihesabiwa kama kupigwa kwa kawaida, kwa kuwa shingo iliyobanwa si lazima iache jeraha la kuonekana.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni "kukabwa". Dar es Salaam mtu akisema "jana nilikabwa", wasikilizaji huelewa kwamba aliporwa: alipigwa kabali au roba, simu ikaenda. Nairobi wangesema alipigwa ngeta. Mkalimani mwenye haraka anaweza kuandika kwamba shahidi aliibiwa, na shingo ikapotea kwenye maelezo. Mtego wa pili ni "kunyonga". Hakimu anapomhukumu mtu kunyongwa hadi kufa, Kiingereza chake ni "hang". Mtu anapomnyonga mwenzake kwa mikono, Kiingereza chake ni "strangle". Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja. Hapa ni sisi tulioweka mawili kapu moja, na mkalimani inabidi aombe nafasi ya kuuliza: kwa mikono, kwa kamba, au alitundikwa?

Ushauri wetu kwa anayetoa maelezo ni kueleza kilichotendeka badala ya kutafuta neno moja. Alinishika shingo kwa mikono miwili. Sikuweza kupumua. Niliona giza. Sauti yangu imebadilika. Napata shida kumeza. Maelezo mawili ya mwisho yana uzito wa kitabibu pia: sauti kukwaruza na maumivu ya kumeza baada ya kukabwa ni dalili kwamba huenda ndani kumeumia, na mtu huyo anatakiwa apimwe hospitali hata kama nje haonekani kuwa na kitu.

Neno "chokehold" nalo limeingia masikioni mwetu kupitia habari. Tarehe 17 Julai 2014, huko Staten Island jijini New York, Eric Garner alifariki baada ya polisi kumkaba shingo wakati wa kumkamata. Alirudia mara 11 maneno "I can't breathe", siwezi kupumua. Idara ya polisi ya jiji hilo ilikuwa imewapiga marufuku askari wake kutumia kabali tangu mwaka 1993. Mwezi Juni 2020, wiki chache baada ya George Floyd kufa Minneapolis akiwa amekandamizwa shingo kwa goti, jimbo la New York lilipitisha sheria yenye jina la Garner. Kwa neno hili Kiswahili hakihitaji kukopa. Kabali ni kabali, na kila msikilizaji anajua mkono unapita wapi.

Injini, bahari na uwanja wa michezo

Anayesikiliza habari za Kiingereza atakutana na "choke" mahali ambapo hakuna koo la mtu. Ni vyema kuyajua maeneo haya ili usiyatafsiri kama msiba.

Kwenye injini za zamani na pikipiki nyingi, "choke" ni kizibo kinachopunguza hewa ili mafuta yazidi na injini ya baridi iwake. Mafundi na madereva wetu wamelichukua neno lenyewe. Husema vuta choki. "Throttle" ndiyo inayopimia injini moto, ile unayoiamrisha kwa mkono wa kulia wa pikipiki. Kutoka hapo neno limehamia kwenye intaneti: mamlaka au kampuni ya simu "ikithrotili" mtandao, haijauzima, imeubana, kasi imeshuka hadi picha haifunguki. Mwandishi anayeandika kwamba mtandao umezimwa, wakati umebanwa tu, ametoa habari isiyo sahihi.

Baharini kuna "chokepoint", mahali ambapo njia ya meli inakuwa nyembamba kama koo. Mfano ni Bab el-Mandeb, kati ya Yemen na Pembe ya Afrika, na Mfereji wa Suez. Meli ya Ever Given ilipokwama Suez kwa siku 6 mwezi Machi 2021, mamia ya meli zilisimama foleni. Mashambulizi ya Wahouthi kwenye Bahari ya Shamu yalipoanza Novemba 2023, kampuni nyingi za meli zilizunguka kusini mwa Afrika. Mizigo ya Ulaya inayokwenda Mombasa na Dar es Salaam hupitia koo hilohilo. Kusema kwamba njia ya bahari imekabwa kunaeleweka kwa msikilizaji yeyote.

Na michezoni, timu "inapochoki" imeshindwa pale ambapo ushindi ulikuwa mkononi, kwa sababu ya kiwewe. Afrika Kusini kwenye kriketi iliitwa jina hilo kwa miaka mingi, hadi ilipoifunga Australia uwanjani Lord's, London, mwezi Juni 2025 na kutwaa ubingwa wa dunia wa mechi za siku tano. Sisi hatusemi timu imekabwa. Tunasema imeingiwa na woga, au miguu imekuwa mizito.

Kuzuia: "suppress", "withhold", "hold back"

Kundi la tatu ni la kuzuia kisitoke kilicho ndani. Kwa Kiingereza maneno yake mengi yametoka kooni pia. Anayezuia machozi "chokes back" machozi. Anayezuia kicheko au mwayo "stifles" kicheko. Aliyejizuia kusema "ameuma ulimi". Aliyejaa uchungu ana "lump in the throat", na hapa tumekutana nao uso kwa uso, maana sisi nasi husema donge limemkaba kooni. Mwenye kuficha dhiki yake ajikaza kisabuni, au anakufa na tai shingoni, msemo ambao hauna mwenzake kwa Kiingereza lakini ukiueleza kila mtu atauelewa.

Neno "gag" ni la kuangalia. Ni kumziba mtu mdomo kwa kitambaa. Ni pia kujisikia kutapika pale kitu kinapogusa nyuma ya koo. Na "gag order" ni amri ya mahakama inayowazuia watu kuizungumzia kesi hadharani. Mgonjwa anayesema "I gag" hajazibwa mdomo na mtu. Anataka kutapika.

"Suppress" ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linabadilika kila linapoingia. Serikali "iki-suppress" maandamano, imeyazima kwa nguvu. Dawa ya kikohozi iliyoandikwa "suppressant" inatuliza kikohozi kisitoke, tofauti na ile inayolainisha makohozi ili yatoke. Anayejaa makohozi kifuani akinunua ya kwanza, ananunua kinyume cha anachohitaji. Mahakamani Marekani, wakili anayeomba ushahidi uwe "suppressed" hatafuti kuficha ukweli kwa hila. Anamwomba hakimu asiupokee ushahidi huo kwa sababu, kwa mujibu wa hoja yake, ulipatikana kinyume cha sheria. Ukilitafsiri kuwa ni kuficha ushahidi, umemgeuza wakili mhalifu mbele ya wasikilizaji.

Mahali ambapo Kiswahili kimelitatua neno hili vizuri ni kwenye matibabu ya VVU. Wataalamu wa Kiingereza husema virusi vimekuwa "suppressed". Tanzania tunasema vimefubazwa, na dawa zenyewe ni dawa za kufubaza virusi. Kilichofubaa kipo, ila kimepoteza makali. Neno hilo linasema ukweli ambao wagonjwa wengi wanahitaji kuusikia: anayetumia dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono, lakini hajapona, na akiacha dawa virusi vitaamka. Katika lengo la kimataifa la 95-95-95, ile 95 ya mwisho ni hiyo: asilimia 95 ya wanaotumia dawa wawe wamefubaza virusi. Kama mfasiri angeandika "kuondoa virusi", angekuwa amewaambia watu waache dawa.

"Withhold" ni kuzuia kitu ambacho mwingine anakidai au anakitarajia. Mwajiri anayezuia mshahara, mzazi anayekataa kutoa ridhaa, shahidi anayebaki na habari. Kodi ya zuio, tunayoijua kutoka mamlaka za mapato, ndiyo "withholding tax": fedha hukatwa kabla hazijamfikia anayelipwa. "Restrain" ni kumzuia mtu asitende, kwa mikono au kwa amri ya mahakama. Na "hold back" linaonekana jepesi kumbe lina mtego wake. Mzazi aliye Marekani akipata barua kwamba mwanawe huenda akawa "held back", asidhani mtoto atashikiliwa shuleni. Shule inasema mtoto anaweza kurudia darasa, na mzazi anaitwa ili azungumze nao kabla uamuzi haujapita. Aliyeielewa vibaya barua hiyo anaweza kukosa kikao chenyewe.

Maneno matatu ya kuyajua kwa moyo

Turudi kwa mama na gololi. Yeyote aliye na ndugu ughaibuni, au anayejiandaa kusafiri, anaweza kuyakariri maneno machache kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto wake. "Choking": kitu kimeziba. "Can't breathe": hawezi kupumua. "Not responding": haitikii tena. Tena atamke kwanza mahali alipo, halafu tukio. Namba ya dharura Marekani na Kanada ni 911; Uingereza ni 999; nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Akishindwa kuendelea, ataje lugha yake, "Swahili", kwani vituo vingi vinaweza kumwita mkalimani kwa simu. Asihangaike na "he" na "she". Mpokeaji akisikia "choking", ameshaelewa.

Na kwa kuwa msaada huchukua muda kufika, tukumbushane la kufanya. Kama mtu anakohoa kwa nguvu au anaweza kusema, mwache akohoe, mtie moyo, usimpigepige. Kama hatoi sauti, hawezi kukohoa, anashika shingo na midomo inabadilika rangi, muulize: umepaliwa? Kwa Kiingereza watakuuliza wewe: "Are you choking?" Itikia kwa kichwa. Muinamishe mbele, mpige kwa kiganja mapigo 5 kati ya mabega. Ikishindikana, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu mara 5. Endelea kubadilishana hivyo hadi kitu kitoke au mtu azimie. Akizimia, mlaze chini, anza kumkandamiza kifua na uhakikishe simu ya dharura imepigwa. Mbano huo wa tumbo ulitangazwa na daktari wa upasuaji wa Marekani, Henry Heimlich, mwaka 1974, na wengi wanaujua kwa jina lake.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja usibane tumbo kamwe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, mpige mapigo 5 mgongoni, kisha mgeuze na umkandamize katikati ya kifua mara 5. Mama mjamzito naye hukandamizwa kifuani, si tumboni. Wala usiingize kidole kooni kukitafuta kitu usichokiona. Unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Mtu aliyepaliwa hawezi kujieleza kwa lugha yoyote. Anayeongea ni yule aliye karibu naye, na kwa mama wa gololi neno moja sahihi kwenye simu lingetosha kumfanya mpokeaji aanze kumwelekeza cha kufanya hapohapo, kabla gari la wagonjwa halijaondoka kituoni.